Maneno Yako Waliyoyakata

Yaya wangu mpendwa, kaka yangu mkubwa,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na baada ya kuwaomba wananchi wote wasimame, ninatangaza rasmi kwamba paka wa jirani amezaa ndani ya kofia yako ya kijivu. Mama na watoto wako salama. Hali mjini Likasi ni tulivu. Papa Dieudonné, mtu wa chama cha tembo hadi kaburini, amesema watoto wa paka ni halali na kofia sasa ni mali yao. Maître Faustin, mtu wa chama cha punda, ametaka uchunguzi ufanywe ili ijulikane nani aliiacha kofia wazi. Mimi sijaigusa. Nikiitoa, kesho nitasikia kwamba nimefukuza wakimbizi.

Ungecheka, kaka yangu. Nimeanza na paka kwa sababu hukupenda mtu aingie kwako na kilio kabla hajasalimia. Sasa nimesalimia.

Ninakikumbuka kibanda chako pale mtaa wa Kikula: mbao, bati, kile kioo cha jua ulichokifunga juu ya bati, na chini yake nyaya zimening'inia kama matumbo ya mbuzi. Umeme wa majumbani mwetu unakuja kama mjomba tajiri, mara moja moja na bila kukaa, kwa hiyo avenue nzima ilileta simu zake zichajiwe kwako. Simu ilichukua asubuhi yote kujaa. Na mtu wa Likasi haachi simu yake akaenda zake, hata kwa askofu. Kwa hiyo walikaa. Mimi nilikuwa kando na karai langu, nakaanga mikate. Watu wana njaa, wana muda, wana midomo: bunge lilijizaa lenyewe.

Mambo ya wakubwa wa hapa tuliyaogopa. Mtu akitaja jina la mmoja wao, wengine walianza kuangalia viatu vyao. Ndipo tulipochukua Amerika. Amerika ni mbali, na haina mtu wa kutuita ofisini. Kila mmoja akachagua chama cha kule, cha tembo au cha punda, kama anavyochagua timu ya mpira. Papa Dieudonné, mchimbaji aliyezeekea kwenye mashimo ya Shinkolobwe na watoto wake wanachimba Kambove, alichukua tembo kwa sababu pasta wake anawapenda. Maître Faustin alichukua punda kwa sababu Papa Dieudonné alikuwa amekwisha kuchukua tembo. Huyo Maître, kwa wasiomjua, si wakili. Aliwahi kumwoshea wakili gari.

Na wewe hukuwa na chama. Uliamka mapema, ukasikiliza redio za Kifaransa, moja baada ya nyingine, kisha ukaja na habari umeifungasha kama samaki wa gazetini. Ninakuona bado. Unaondoa kikapu changu cha mikate, unakigeuza mdomo chini juu ya meza, unakipiga kofi.

"Leo tunafunika jina," ulisema. "Mukubwa moja wa Amerika. Bamekuta makaratasi ya siri ya serikali mu nyumba yake. Eko na kosa ao hana?"

"Chama gani?" Maître akauliza.

"Chama iko chini ya kikapu. Hukumu kwanza."

"Mutu anabeba karatasi ya serikali kwake?" Papa Dieudonné alikuwa tayari amesimama. "Ni mwizi! Bamufunge!"

"Bamufunge," akasema Maître. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana tangu niwajue.

Ukainua kikapu. "Ni wa tembo."

Papa Dieudonné alimeza mkate bila kuutafuna. "Ah, non, attendez, mungoje. Karatasi ingine ni ya kwake mwenyewe. Mukubwa anaweza kubeba kazi ku nyumba, hapana?"

Maître alikuwa anacheza ngoma katikati ya barabara.

"Usicheze sana," ulimwambia. "Bamekuta ingine kwa mukubwa wa punda. Vile vile tu, mu nyumba."

Ngoma ikasimama. "Ile ni différent," Maître alisema. "Yeye alisahau tu."

Nilicheka mpaka mikate ikaungua. Ukanunua iliyoungua, yote, ukasema ni gharama ya demokrasia.

Siku nyingine ilikuwa habari ya mwanamke aliyemshtaki mkubwa mmoja kwamba alimshika kwa nguvu. Chini ya kikapu wote walimwamini. Kikapu kilipoinuka, nusu yao wakauliza nani alimtuma. Baadaye akaja mwanamke mwingine, akimshtaki mkubwa wa chama kingine, na ikawa zamu ya ile nusu nyingine kuuliza. Ukatueleza na habari ya televisheni zao: kosa la adui wanalitangaza asubuhi, mchana na jioni, na picha juu, kosa la rafiki wanalitaja mara moja, haraka, kama mtoto aliyelazimishwa kuomba msamaha. Na mashtaka yakigeuka kuwa ya uongo, wanasahihisha saa ambayo watu wanaoga.

Wengine wangemalizia hapo na kusema basi, wote ni wezi, twende zetu. Wewe ulikataa. "Bamoja beko na kosa kweli," ulisema. "Bengine banasingiziwa tu. Lakini utajua je, kama unaangaliaka kwanza shati ya mutu?" Mimi niliyeachia shule darasa la tano, niliyejifunza Kifaransa kwenye magazeti ya kufungia mikate, nilipata kwako shule yangu ya pili. Haikuwa na ukuta. Ilikuwa na harufu ya mafuta.

Ndipo redio ya hapa mjini ikasikia sifa zako, ikakualika.

Ulivaa koti. Sisi wote tulikaa kibandani, redio ya Papa Dieudonné iko juu ya meza, na uliposema "bonjour" hewani Maître alipiga makofi kama umefunga goli. Ukaeleza vizuri. Ukasema: kuna mkubwa mmoja kule Amerika, alisema juu ya wageni wanaoingia, "Bale bantu beko bachafu, banaharibu muji, barudishwe kwabo." Ukakohoa kidogo. Kisha ukasema hayo ni maneno mabaya, na kwamba sisi wa Likasi tunajua maneno ya namna hiyo yanazaa nini.

Ulijua, Yaya. Baba yetu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, sisi tumezaliwa hapa, na bado kuna mwaka Wakasai tulifukuzwa, tukalala gare, stesheni ya treni, na masufuria yetu, tunangoja treni ya kuturudisha mahali ambapo hatujawahi kufika. Ulikuwa umenishika mkono. Nilikuuliza, "Tunarudia wapi?" Ukanijibu, "Sijue. Banasema ni kwetu."

Mtu fulani akayakata maneno yako. Aliacha yale maneno mabaya tu, sauti yako safi kabisa, na juu yake akaandika kwamba hivi ndivyo Mkasai mmoja anavyosema juu ya wachimbaji wa Kikula. Kipande kikapita simu kwa simu. Na simu zile, Mungu wangu, zilikuwa zimechajiwa kwako. Kesho yake redio yenyewe ikakirusha, kwa sababu watu walikuwa wanakizungumzia. Habari kamili ilikuwa kwao, kwenye mashine yao. Hawakuitafuta.

Hakuna aliyetupa jiwe. Ningependa wangetupa. Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, kuchukua simu zao.

"Vié, muzee wangu, nipe téléphone yangu," alisema Papa Dieudonné. Alikuwa anaangalia nyaya.

"Haiyajaa hata nusu."

"Nipe vile iko."

"Papa Dieudo, ulikuwa hapa. Ulisikia yote. Redio ilikuwa ya kwako."

"Siku ile kulikuwa makelele, Vié. Ile ya téléphone nimeisikia muzuri. Ni sauti yako."

"Ni sauti yangu," ulisema. "Haiko maneno yangu."

Alichukua simu yake, akakushukuru. Maître alimtuma mke wake. Kufika Jumamosi ulikuwa umekaa peke yako na nyaya zako, jua linapiga kwenye kioo, umeme mwingi na hakuna wa kuutumia. Nilikuletea mikate. Uliushika mmoja mkononi mpaka ukapoa.

Kisha ukaenda Kambove kwa mwanao Mado, ukasema ni kupumzika tu. Daktari alisema ni moyo, presha, na chumvi. Sikubishana naye. Chumvi ilikuwa na kosa lake pia.

Walikuja kukuzika, wote. Nataka ujue hilo. Walikodi gari, wamama walivaa pagne, vitenge vya sare, na Papa Dieudonné alilia kilio cha kweli, kile cha kamasi. Akanishika mabega: "Alikuwa mutu muzuri sana, Mama. Mutu muzuri sana. Kosa yake ni ile maneno tu." Nilimshukuru. Ungefanya nini? Alikuwa ameleta gunia la unga.

Sasa mimi ndiye niliyebaki kibandani na karai langu, na wao bado wananunua mikate. Siwezi kuwachukia. Ninajaribu asubuhi, kufika saa sita nimechoka. Kinachoniua ni Mado. Nilimwomba arudi akifungue kibanda, kioo bado ni kizima. Akaniambia mimi shangazi yake: "Tantine, ku ile avenue banamuita mutoto yangu mujukuu wa yule alitutukana. Sirudi. Redio iseme kwanza." Kwa hiyo jina lako, Yaya, si la kuweka kwenye jiwe tu. Kuna mtoto analivaa kwenda shule.

Mwezi uliopita nilijaribu kwa njia yako. Nilikigeuza kikapu, nikakipiga kofi. Wazee walifurahi kama watoto. Maître akavuta kiti karibu.

"Tunafunika jina," nikasema. "Ni mutu moja wa Amerika. Alikwenda ku redio, akarudilia maneno mubaya ya mwenzake juu ya kuikataa. Bakakata. Bakaacha tu ile mubaya, bakaipitisha ku batu. Bajirani yake bakamuacha. Eko na kosa?"

"Ile ni coup monté, bamemutegea!" Maître alipiga goti. "Mutu ni innocent!"

"Na ile redio bafunge," akasema Papa Dieudonné. "Lakini babaya zaidi ni bajirani. Bao banamujua! Banakula naye! Aksha, bantu ya Amerika hawana roho." Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Chama gani?"

Nilisema, "Hakuwa na chama. Alichajiaka batu téléphone."

Niliinua kikapu, na chini yake hakukuwa na kitu. Mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai. Maître aliangalia viatu vyake. Papa Dieudonné alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na nilidhani sasa, sasa litatoka.

"Mama," alisema, polepole, kwa upole wote aliokuwa nao. "Ile ya yaya yako ni différent."

"Différent je?"

"Ile tulisikia sisi benyewe."

Nikamfungia mikate yake. Nikazidisha mmoja.

Basi nilibaki na redio. Nimekwenda pale mpaka mlinzi ananiita bosi. Direkta wao ni kijana mwenye tai, si mtu mbaya. Anasema "Mama" vizuri. Mara ya kwanza alisema habari imepitwa. Mara ya pili alisema wasikilizaji wamesahau. "Kama bamesahau," nilimuuliza, "juu ya nini mutoto ya Mado analia?" Mara nyingine alisema kusahihisha ni kumkumbusha mtu kosa ambalo labda hakulisikia. Nilimwambia hata kule Amerika wanasema hivyo hivyo, na akafurahi, akadhani ninamsifu.

Lakini juzi, Yaya, aliketi na mimi. Alitafuta kwenye mashine yao, akaipata habari yako yote, kuanzia bonjour. Tuliisikiliza pamoja. Nilikuwa nimesahau kile kikohozi chako kidogo kabla ya neno gumu. Ulipofika kwenye maneno yale ukakohoa, kisha ukasema ni mabaya, kijana yule alivua miwani yake. "Mama, pardon," alisema. Akanipa neno lake: Jumatatu, kwenye habari za asubuhi, si saa ya kuoga, wataipitisha nzima na kuomba msamaha.

Nimemwambia Mado. Atakuja na mtoto kwa gari la kwanza kutoka Kambove. Nimewaambia Papa Dieudonné na Maître kwamba Jumatatu mikate ni bure, kwa hiyo watakuwepo. Nimefuta vumbi kwenye kioo. Nitaweka redio katikati ya meza, sauti mpaka mwisho, na nitawaangalia usoni wakati unakohoa.

Mengine siyaombi. Hutaketi tena hapa, na ninajua kwamba hata wakisikia, kuna atakayesema makelele yalikuwa mengi. Nilitaka tu sauti yako ipite mara moja nzima katika mji ulimozaliwa, bila mtu kuweka mkasi. Pumzika, kaka yangu. Mkono ulionishika pale gare bado ninauhisi, na mimi sijauachia.

Ni mimi,
mudogo yako wa kike

N.B. Jumapili wezi walikata kebo ya antena pale kituo cha redio, wakauze shaba. Leo ni Jumatatu, na redio haisemi.