Ndizi Ndani ya Difu

Mzee wangu Shabani,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba haitakuja, lakini mdomo umeshazoea, na wewe mwenyewe ulisema mdomo wangu ndio kiungo pekee mwilini mwangu kisichohitaji oili.

Kesho ni arobaini yako. Binti yako Mwanahawa ameshaazima masufuria kwa majirani, na mimi nimepewa kazi ya kuleta kuni. Kabla sijafika hapo nataka tumalizane, mimi na wewe.

Gereji ipo. Ila mji umebadilika, mzee. Tangu serikali iseme ruksa kuleta vitu vya nje, pikapu za Japani zinaingia kila wiki, milango imeandikwa maandishi kama kuku amepita na matope. Spea zimejaa madukani, maboksi yanang'aa, lakini beringi yenyewe ukiipa mwezi imeshakuwa kokoto. Zamani hatukuwa na kitu, ukachonga bushi kwa chuma chakavu ikadumu miaka. Ungecheka, halafu ungetema mate.

Unaikumbuka pikapu ya Mama Naserian wa Ngaramtoni, yule anayeleta maziwa mjini? Ilikuja inasaga kama mashine ya mahindi. Wewe ulikuwa umeshalazwa na kifua. Basi mimi Eliakimu, darasa la tano lakini dunia nimeiona, mtu aliyeendesha lori mpaka Lubumbashi, nikasimama katikati ya gereji nikatangaza: hiyo ni krosi ya propela, kiungo kidogo tu cha mhimili wa chini, Jumamosi mama anachukua gari lake. Hata chini ya gari sikuingia.

Na ulinifundisha! Ukikanyaga klachi kelele ikakatika, tazama gia boksi. Ukikata kona ikabadilika, beringi za tairi. Ukikanyaga mafuta ikalia, ukiachia ikalia kwa sauti nyingine, usibishane, fungua difu, lile bakuli la gia katikati ya tairi za nyuma. Wewe ulikuwa unapandisha gari juu ya mawe, tairi zikizunguka, ukauma mpini wa ile bisibisi yako ndefu, ncha ukaigusisha kwenye chuma, ukafumba macho. Ulisikiliza kwa meno. Mpini ule wa mti una alama zako mpaka leo.

Nikafunga krosi mpya. Ikasaga. Nikabadilisha senta beringi. Ikasaga. Fundi Joseph akaniuliza mbele ya watu kama gari la mama linasaga mahindi au ulezi. Nilijua ni difu, mzee. Nilijua tangu Jumatano. Lakini kufungua difu mbele ya Joseph ilikuwa ni kukiri kwamba nilikosea, na mimi kukosea nilikuwa sijajifunza.

Kuna ujanja niliuokota huko safarini kwa madalali wa magari. Nikamenya ndizi mbivu, nikazichanganya na unga wa mbao wa maseremala, nikazisukumia ndani kwa tundu la oili. Hapa kwetu ndizi hazikosekani. Difu likanyamaza.

Jumamosi ukaja unajikongoja, umejifunga koti, kwa sababu Mama Naserian alikataa kuondoka bila neno lako. Nikakuendesha mpaka Ngaramtoni na kurudi. Uliegemeza kichwa mlangoni, unasikiliza. Kimya, chuma kinateleza kama siagi. Bisibisi hukuiuma, pumzi ya kulala chini ya gari hukuwa nayo. Tuliporudi ukamwambia mama, "Chukua, gari zima." Kisha ukanikabidhi bisibisi, mafundi wote wanaona. "Sasa hata nikiondoka, masikio yapo."

Siku ile ningesema. Mdomo huu wote, nikakosa neno moja.

Ukaondoka wiki iliyofuata. Nimeshika jeneza lako, mimi Mlutheri, bisibisi iko kiunoni.

Wiki iliyopita pikapu ikarudi imevutwa na trekta. Difu lilishika mlimani, tairi zikagoma kuzunguka, maziwa yote yakamwagika barabarani. Mama hakuumia, Mungu mkubwa. Joseph akalifungua kabla sijafika. Ukatoka uji mweusi, nyuzi za ndizi, unga wa mbao, na meno ya gia ndani yake. Mama Naserian akautazama, akasema taratibu, "Na marehemu aliniambia gari zima." Joseph akapiga paja: "Kumbe mzee naye alikuwa mpishi wa mtori!" Gereji nzima ikacheka.

Na mimi nikacheka.

Mwanahawa alikuwa langoni na birika lake la chai. Akakusanya vikombe, akaondoka. Tangu hapo hajaleta chai. Juzi nilimfuata nyumbani, akaniambia kuni nilete mimi, wale wengine wa gereji hataki kuwaona. "Angalau wewe hukumcheka baba." Siku ile alikuwa amenipa mgongo, mzee. Hakuona.

Sasa gerejini difu bovu linaitwa mtori wa Shabani, kana kwamba supu ile ya ndizi uliipika wewe. Wewe, uliyekataa kufunga hata nati iliyochakaa.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho dua ikiisha, kabla pilau halijapakuliwa, nitasimama niseme ndizi zilikuwa zangu. Joseph atakuwepo, pilau halijawahi kumpita. Mwanahawa nitamwambia kwanza, peke yake, hata akinifukuza na kuni zangu. Jumatatu naanza difu la Mama Naserian kwa mkono wangu. Sitanunua spea hizo za maboksi yanayong'aa. Nimeshapata difu zima la gari chakavu kule Moshono, na safari hii nimelala chini nikasikiliza.

Bisibisi namrudishia binti yako. Nimeiuma leo mara ya kwanza. Meno yangu hayakuingia kwenye alama za meno yako. Siku akiona nastahili, atanipa. Asiponipa, ikae kwake.

Lala, mzee wangu. Kuni zitafika mapema, na mdomo wangu utafika nazo. Safari hii utafanya kazi ya maana.

Mimi mwanao wa gereji,
Eliakimu