Svalbard na Neno "Kwetu"

Mjukuu wangu Salma,

Sote hapa Al Khuwair, Maskati, hatujambo, ila macho ya bibi yako yamezidi kufifia.

Umeniuliza kama unaweza kuviita "kwetu" visiwa hivyo vya barafu unakoishi, maana mkataba wa mataifa uliwapa Wanorwe mamlaka, lakini wageni nao wanakaa bila viza.

Nilipokuwa kijana, baada ya mapinduzi, tulifukuzwa Unguja. Waliotufukuza walisema, "Rudini kwenu Arabuni!" Tulipofika Maskati, ofisa akamuuliza mama kwa Kiarabu, "Kwenu wapi?" Mama akajibu kwa Kiswahili, "Kwani si hapa?" Ofisa akacheka, akamwambia mwenzake, "Hawa Zinjibari," yaani watu wa Zanzibar, si wenzao. Mama hakulitamka tena neno kwetu mpaka anakufa.

Kaa huko maadamu wanakuruhusu. Ukiulizwa kwenu wapi, taja Maskati. Mimi niliyeko Maskati sina pa kutaja.

Babu yako