Mate ya Namba Kumi na Nne

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo nimepata kazi. Mimi niliyeachia Form Two! Na kazi yenyewe ni kukusanya mate.

Nacheka nikiandika. Yvonne ananiangalia kama anayejua sababu. Yeye ndiye bingwa wa mate hapa nyumbani – meno manne yanatoka pamoja, kila nguo imelowa kifuani.

Ni hivi. Kuna dada anaitwa Janat, daktari wa Busia, yuko kwa utafiti wa chuo. Alikuja uwanjani kwa kina Emorut, mume wangu. Akasema mchezaji akigongwa kichwa, hata kama hakuna damu, ubongo unatikisika ndani, na kuna vitu vidogo sana, havionekani kwa macho, ambavyo vinabadilika kwenye mate. Wanataka kujua kama mate yanaweza kuonyesha nani ameumia na nani hajaumia. Kwa sababu ukimuuliza mwenyewe atasema yuko sawa.

Kocha Otukei akasema hiyo ni ukweli, hawa hata mguu ukikatika wataomba wafungwe na kamba wamalize mechi.

Nikachaguliwa kwa sababu nyumba yetu iko karibu na uwanja, nina friza ya barafu zangu za juisi, na mwandiko wangu unasomeka. Jina la mtu haliandikwi, ni namba tu ya jezi. Mume wangu ni kumi na nne.

Jumatano, 5 Machi

Mate ya kwanza leo. Haya ni ya wakati kichwa kiko kizuri, ya kulinganisha baadaye. Hautemi. Unainama, unaacha mate yashuke yenyewe kwa kichupa. Wanaume ishirini na wawili wameinamisha vichwa kwa nyasi, kimya. Sijawahi kuwaona hivyo hata kanisani.

Mate yakakataa kuja. Janat akawaambia wafikirie ndimu imekatwa katikati, imewekwa chumvi na pilipili. Barnabas, golikipa, akamuuliza, dada, na wewe si umefunga, unaongelea ndimu saa nane mchana? Janat akasema, mimi ndiye naumia hapa, jazeni vichupa nipumzike.

Emorut alimaliza wa kwanza. Halafu maswali! Mate yanaharibika? Yakigandishwa yanakaa? Janat akafurahi, akamwambia yakigandishwa vizuri yanakaa hata miaka. Nilijivunia huyu mtu wangu. Shule hakupenda, lakini akipenda kitu anakiuliza mpaka mwisho.

Shida moja. Nilipewa vichupa thelathini. Vimetumika ishirini na viwili. Vimebaki sita. Nimehesabu mara tatu. Nimeangalia chini ya kitanda, nimeangalia mdomoni kwa Yvonne – anapenda vile vifuniko vya bluu. Hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amekuja kutoka Kocholia na kuku na mtama. Mama Euphrasia haingii kwa mlango kabla ya kumtemea mtoto baraka kifuani, tu tu, kidogo tu, kama mvua isiyo na nguvu. Yvonne anafumba macho, anangoja. Amejua ni vizuri.

Nikamweleza kazi yangu. Akauliza hao watu wa chuo wanapeleka wapi mate ya mtoto wangu. Nikasema Busia, kwa mashine. Akauliza mashine ni ya nani. Akasema yeye mate yake anawapa wajukuu peke yao.

Emorut akamtania, Toto – ndivyo wanavyomwita mama kwa Kiteso – hata wewe tutakuwekea namba.

Jioni alimwogesha Yvonne. Anamwimbia akimwagia maji. Nilisimama kwa mlango na nguo zangu za kuanika na sikuzianika.

Jumapili, 9 Machi

Nusu fainali, sisi na timu ya Butula. Tumeshinda mbili moja. Fainali tarehe 23.

Lakini. Dakika kama kumi zimebaki, mpira wa juu, Emorut na mtu wa Butula wakaruka pamoja. Nilisikia sauti ya vichwa kutoka nilipokuwa. Akaanguka. Akasimama haraka, akapangusa magoti, akachukua mpira, akaenda nao mpaka kona, akauweka vizuri apige. Kona ilikuwa ya Butula.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Otukei akamuuliza uko sawa? Akasema sawa boss. Akamaliza mechi.

Sheria ya Janat: aliyegongwa anatoa mate ndani ya saa moja, tena baada ya siku mbili, na hachezi mpaka daktari amwone. Janat alikuwa Busia na timu nyingine. Nikampa Emorut kichupa. Akasema atatolea nyumbani, anaona haya mbele ya watu wa Butula. Akaingia ndani peke yake. Akarudi upesi sana, kichupa kimejaa mpaka kwenye mstari.

Kilikuwa baridi, nje kimelowa maji kama kimetoka kuoshwa. Nikakishika, nikasikia baridi kwenye vidole, nikaandika: namba 14, saa kumi na moja na robo. Nikakiweka kwa kisanduku kiende.

Jumatatu, 10 Machi

Janat alipiga simu. Akamuuliza Emorut kichwa kinauma? Akasema hata kidogo. Amesema hivyo akiwa amelala, pazia limefungwa, kitambaa machoni.

Mchana alitoa pikipiki yake ya boda. Akambeba mama mmoja wa ng'ambo, anaenda upande wa Uganda na magunia yake ya vitunguu. Wakafika kwa kizuizi cha mpaka, Emorut akageuza, akamrudisha hadi pale pale alipomtoa. Akamwambia tumefika nyabo, yaani mama. Yule mama alicheka mpaka akashika mgongo. Emorut mwenyewe alinisimulia akicheka, lakini hakuniangalia.

Alimwita Yvonne Aguti. Aguti ni dada yake Emorut.

Jumanne, 11 Machi

Nimeviona vichupa vyangu. Yaani kimoja. Kile kingine najua kilienda wapi.

Asubuhi nilikuwa natoa barafu za watoto wa shule. Chini kabisa, nyuma ya zile za ukwaju, kitu kimefungwa kwa soksi. Soksi ya Emorut ya mpira. Ndani, kichupa chenye kifuniko cha bluu, mate yameganda meupe, na kipande cha plasta kimeandikwa 14.

Nilikaa chini kwa sakafu. Nikaelewa yale maswali yote ya tarehe tano. Mume wangu alijiwekea akiba ya mate. Mate ya kichwa kizuri, kabla hajagongwa, ya kutoa akigongwa. Kimoja cha siku ile ile, kimoja cha siku mbili baadaye. Alipanga vizuri kuliko mimi ninavyopanga chakula.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu machozi yakabaki peke yake.

Alipoamka nikaweka soksi mezani. Hakubisha. Akasema Mama Yvonne, tarehe 23 kuna mwalimu wa timu kubwa ya Nairobi anakuja kuangalia watu, na kati ya watu wenyewe mimi nimetajwa. Nina miaka ishirini na tano. Hatakuja tena akinitafuta mimi. Nikamuuliza na kichwa? Akasema kichwa kitapona kikiwa Nairobi.

Akasema mpe Janat hicho. Ni namba tu, hakuna jina, hakuna mtu atajua.

Nikasema mimi nitajua.

Akaweka kichwa chake kwa paja langu, pale Yvonne huwa anaweka. Nikamshikashika nywele. Kuna uvimbe nyuma ya sikio, bado una joto. Saa kumi na moja ilifika. Kwenye fomu, namba 14, nimeandika: hajatoa.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda Busia na Yvonne mgongoni. Nikamuuliza Janat kama naulizia mtu mwingine: tuseme mtu ametoa mate ya wiki jana, akasema ni ya leo?

Janat hakukasirika. Akafunga mlango, akanipa kiti. Akasema mashine haijajua kitu bado, ndiyo inafundishwa. Inafundishwa na mate ya watu wetu. Ukiipa mate ya mtu ambaye hajaumia ukaiambia huyu ameumia, itashika kwamba hakuna tofauti. Siku nyingine kuna mchezaji ataumia kweli, na mate yake yatamwambia nenda ucheze.

Nikafikiria Yvonne. Huyu anayepiga kila kitu na kichwa – mlango, sufuria, kidevu changu.

Nikauliza huyo mtu akigongwa tena kabla ya kupona? Akasema hilo ndilo linalomfanya asilale. Akasema mtu huyo anahitaji kupumzika wiki tatu, pengine zaidi, na mate yenyewe hayawezi kumwamulia leo. Leo mtu anaamuliwa na daktari, na mtu anayelala naye nyumba moja. Akaniangalia. Akasema, Mama Yvonne, wewe umeona nini?

Nikasema nimechelewa gari.

Njia yote nilijiona mjinga. Ile ilikuwa nafasi na nikaipitisha.

Alhamisi, 13 Machi

Chai. Emorut ameniuliza kama chai iko tayari, nikampa, akanywa. Baada ya muda kidogo akauliza tena kama chai iko tayari. Kikombe kiko mkononi.

Nikampigia Janat nikiwa nyuma ya nyumba. Nikasema yote. Kona ya Butula, kizuizi, Aguti, chai. Mwisho nikasema na soksi, na kile kichupa cha Jumapili, kwamba kilikuwa baridi na nilikishika na nikanyamaza. Nilidhani atanitoa kwa kazi. Nikasikia anaandika. Akasema kile cha Jumapili atakitoa kwa hesabu. Kesho saa nne atakuja na Otukei. Akasema mwambie mwenyewe kabla sijafika, asione ni vita.

Nimemwambia Emorut. Nilimwambia nikiwa namkata kucha, nimeshika mkono wake, asije akaondoka. Hakuondoka. Alisema kitu kimoja tu – kwamba nimempeleka polisi. Halafu akanipa mkono wa pili.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwa mlango, kitabu kwa goti. Natakiwa kuangalia saa wakati kichupa kinajaa.

Mama Euphrasia alifika kabla yao, sijui nani alimwambia. Amemtemea Emorut kwenye paji la uso, tu tu. Akasema yangu hayana namba. Janat akacheka, akasema basi tungoje nusu saa, aoshe mdomo, yasichanganyike. Mama Euphrasia akasema yachanganyike tu, mashine ijue ana mama. Lakini alimletea maji mwenyewe.

Kile kilichoganda nimekitoa kwa friza. Kiko kwa jiwe hapa nje, juani. Hakuna aliyekigusa. Kinayeyuka polepole.

Emorut ameinama, kichupa kipya mdomoni. Mate hayaji. Nikamwambia ndimu. Akatikisa kichwa kidogo, kikamuuma, nikaona. Yvonne akaja akasimama mbele yake, akafungua mdomo wake akamwonyesha. Mate yote yakamwagikia goti la baba yake. Hapo mabega ya Emorut yakatikisika – alikuwa anacheka – na yake yakaanza kushuka.

Janat ameuliza siku ngapi kichwa kimeuma tangu Jumapili. Ameuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza chumvi. Otukei amesimama na kofia mkononi. Anajua jibu likiwa moja ana beki wa fainali, na likiwa tano hana.

Emorut hawezi kuongea, mdomo uko kwa kichupa. Ameinua mkono wa kushoto.

Kidole kimoja. Amenitazama mimi, hakumtazama Otukei.

Cha pili.

Yvonne amekishika cha tatu ambacho bado kimekunjwa, anakivuta. Na yeye anamwachia akivute.