Nikiondoka Nyumbani, Clive Atalala Wapi?

Mpendwa mshauri, nisaidie maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mjane wa miaka sabini na tisa, naishi Grimsby, huku Uingereza, na mwanangu Clive, mtu mzima wa miaka hamsini na moja lakini akili yake ni ya mtoto, na marehemu mume wangu alipougua, paa linavuja na pensheni haitoshi, tukachukua ule mkopo wa wazee, ambao nyumba ndiyo dhamana na hulipi kitu mpaka ufe au uhamie makao ya wazee, halafu nyumba inauzwa wakopeshaji wanajilipa, na kila mtu mzima anayeishi humo sharti asaini kwamba siku hiyo atatoka, basi Clive naye akasaini, ulimi nje, kwa furaha, kwa sababu anapenda kuandika jina lake, nami nikampigia makofi.

Sasa miguu imenikataa, naanguka hovyo. Jirani yangu Beryl akiona michubuko huuliza, "We Enid, leo umepigana na nani tena?" nami nasema kabati, nacheka, kwa sababu daktari akijua atanipeleka kwenye makao na Clive atatolewa nje. Juzi nilianguka jikoni nikashindwa kuinuka, Clive akaleta biskuti, akaketi sakafuni kando yangu: "Leo tunakula chini, Mama?" Nikala naye huku nalia. Nifanyeje, mwenzio naogopa hata kufa?

Enid

Mama Enid, pole. Pole sana. Mkopo sikulaumu, paa lilikuwa linavuja. Lakini kabati? Hebu acha! Siku utakapoanguka usiamke, atakayeketi kando yako akingoja uamke ni Clive. Hilo ndilo unalomtakia?

Nyumba hiyo imeshakwenda, mama, na kuficha michubuko hakutairudisha. Kesho mwambie Beryl yote, akupeleke kwa daktari, kisha mwende ustawi wa jamii mkadai Clive atafutiwe makao yake wewe ungali hai, aanze kulala huko siku mojamoja. Ile karatasi aliyosaini mpelekee wakili wa msaada wa bure, huenda akapata pa kushika kwa kuwa Clive hakuelewa alichosaini, ila usiitegemee.

Na Clive mwambie wewe kwamba atahama, kwa mdomo wako, usimwachie mtu wa ofisini. Atalia. Afadhali alie sasa, ukiwepo wa kumfuta machozi.