Viatu Kitandani

Mpendwa mshauri, nishike mkono, mimi ni fundi cherehani mzee, nilifukuzwa kwetu nikakimbia pamoja na mke wangu akiwa mjamzito na tangu hapo naishi ugenini, na binti yetu wa pekee, aliyezaliwa huku, niliyemlea mwenyewe baada ya mama yake kufariki, ametengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu baba anayelea mtoto bila kujua lolote, akaniita niitazame pamoja na rafiki zake kabla haijatoka, na nilipomwona yule baba akimsuka mtoto huku akipima njia za nywele kwa futi ya kushonea nikajijua, nikacheka hadi machozi, mpaka tukafika pale anapomlaza na viatu miguuni, begi likiwa mlangoni, katika mji wenye amani, na mtoto anauliza, "Baba, leo tunakimbia au tunalala?" ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikainuka nikaondoka bila kuaga, na kesho yake nikamwambia, "Mwanangu, umenianika, itoe sehemu hiyo," wala hakubishana, alisema tu, "Sawa baba, nitaitoa," kwa sauti ileile ya utotoni nilipokuwa nikimwambia akaze kamba za viatu kabla ya kulala, na sauti hiyo inanitafuna, na filamu inaonyeshwa Jumamosi, na hata leo nikienda kwake siketi, nasimama sebuleni na viatu vyangu nikisema napita tu. Nifanyeje?

Fundi

*

Shikamoo mzee wangu, na pole. Sasa niruhusu nikukaripie.

Kwenu ulifukuzwa. Ukumbini alikufukuza nani? Umeondoka hadithi ikiwa katikati, kisha ukaihukumu, umejuaje inaishaje? Na eti amekuanika! Aliyelala na viatu hivyo ni nani? Kisa hicho ni chake pia. Hofu yako ilikuwa ya kweli, hakuna anayekucheka kwa hilo, lakini ulimzaa penye amani ukamlea kama msafiri. Leo ameweza kulicheka jambo hilo, tena amekuita ulicheke naye, wewe ukamfunga kamba tena.

Usingoje Jumamosi. Mpigie leo, umwambie, "Irudishe sehemu ile, nilikosea kukuomba uitoe." Usiongeze "ila". Kisha mwombe muitazame nyumbani kwake, ninyi wawili, mwanzo hadi mwisho, na atakalosema baadaye lisikilize bila kujitetea.

Na ukifika, mzee wangu, usisimame sebuleni. Vua viatu mlangoni, uketi.