Picha ya Samaki Kwenye Chupa

Mlingotini,
Bagamoyo.
14 Mei, 2024

Mpendwa mdogo wangu Nadhira,

[ ONYO: SAMAKI WAKAVU, NG'ONDA, ALIOWATUMIA MAMA MSILE! PAKA NA KUKU MSIWAPE. WAFUKIENI MBALI NA KISIMA. ]

Assalaam alaykum. Hilo la juu nimelizungushia kisanduku makusudi, maana nakujua, mtu wa kuruka ruka barua wewe. Sasa ndiyo nikusalimu. U hali gani huko Mpanda? Shemeji Khamis hajambo? Na mwanao Farhan, tumbo lake je? Niambie kweli, usinipe "hatujambo" ya mdomoni.

Sisi tumo tu. Masika yametuandama, jua la kuanikia samaki hakuna. Paka wetu tulimkuta amekufa chini ya kichanja cha kuanikia, na kuku wakafuata. Mama akasema ni kideri. Paka na ugonjwa wa kuku wapi na wapi! Cha ajabu, nzi mwaka huu hawatui kabisa kwenye samaki wetu, na majirani wakawa wanamwonea mama kijicho.

Shuleni nimepewa darasa la tatu. Nawafundisha kusoma vitabu vya habari za kweli: kichwa cha habari, yaliyomo, herufi nene, picha na maneno ya chini yake. Vitabu vyenyewe haba, basi nikawaambia kila mmoja alete chochote chenye maandishi. Wakaja na maboksi ya dawa ya meno, mifuko ya unga, hata kalenda ya msikiti. Raha tupu! Kila mtu anasonta kidole, "Hiki kichwa, mwalimu!"

Raya, mjukuu wa jirani yetu Bi Sihaba, akaleta chupa yenye picha ya samaki. Nikamwambia picha peke yake ni bubu, soma maneno ya chini yake. Akasoma kwa kuburuza kidole: "Sumu ya wadudu wa pamba. Huua samaki. Isiguse chakula." Nikamuuliza kaitoa wapi.

"Uani kwenu, mwalimu. Pale kwenye kichanja."

Wallahi, nilitoka darasani mbio mpaka nyumbani.

Nilimkuta mama anageuza samaki, wala hakuficha kitu. Kurani anaisoma kama maji, lakini herufi hizi zetu hazijui. Ameona picha ya samaki, akajua ni dawa ya samaki. Ile mistari miwili inayomkata samaki, kaona ni vijiti vya kumtanulia ng'onda. Fuvu kadhani ni chapa ya kiwanda. Nzi walipokimbia, akaamini kapata dawa ya kweli.

Waliobaki tumewafukia. Wateja wa mama kule Dunda tunawapitia mlango kwa mlango. Mmoja, Bi Mina muuza vitumbua, tumeambiwa amelazwa, anatapika na kutetemeka. Naogopa, Nadhira, sikufichi.

Nakupigia tangu Jumamosi, hupatikani. Najipa moyo kwamba ni mtandao wenu ule wa kupanda kilima. Lakini Mwishehe, konda aliyebeba kifurushi na anayebeba barua hii, anaapa alikikabidhi kwa shemeji mkononi, naye akakinusa akacheka kwa furaha.

Kama mmekwisha kula, mpelekeni Farhan hospitali sasa hivi, nanyi mpimwe, msingoje mtu aumwe. Nendeni na karatasi hii. Nyuma yake Raya amenakili maneno yote ya kwenye chupa, mwandiko wa kitoto lakini unasomeka. Mpe daktari.

Nisalimie shemeji, na unibusie Farhan. Binamu zetu Amiri na Adila wanakusalimu sana. Mola awakinge na kila baya, atukutanishe tukiwa wazima.

Salamu za mama hazimo. Anasema hana uso wa kukusalimu mpaka asikie sauti yako. Amekaa mlangoni na simu yangu mapajani, hali, hanywi, anarudia neno moja tu: ng'onda wako wewe aliwachovya dawa mara mbili, maana safari ni ndefu, aliogopa wasije wakakuozea njiani.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Hajra