Alama Nilizomwekea Yadira

La Tigrera, Tolima
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mpendwa dada Hermelinda,

Kabla hata sijakusalimu: nimemkosea binti yangu Yadira, nimemkosea vibaya. Kwenye simu nilikuambia mama na mtoto wazima. Nilikudanganya. Naandika kwa sababu kwa simu ningedanganya tena.

Hujambo lakini? Goti linaendeleaje na baridi ya huko Uhispania? Huku mvua haikatiki, kahawa inaozea mtini.

Unaijua arobaini ya kwetu. Yadira yuko ndani tangu ajifungue, kichwa kimefungwa, pamba masikioni asiingiwe na upepo, supu ya kuku kutwa mara mbili. Mama yake angekuwa hai angekaa naye. Mumewe yuko kwenye visima vya mafuta mpaka Juni. Nimebaki mimi.

Wiki ya pili Nubia, muuguzi wa kliniki, alinipa karatasi nimpelekee, maana mzazi hatoki. Maswali kumi ya kupima hofu. Kila jibu lina alama, zikiwa nyingi wanamwita wamsaidie.

Nilimsomea mimi, kwani mzazi hapa hasomi, wanasema macho yataharibika. Alijibu kweli tupu. "Naogopa, baba. Mara nyingi. Weka mara nyingi." Mimi nikaweka alama kwenye "hapana kabisa", yote kumi, nikairudisha kliniki.

Niliogopa midomo ya watu. Ofir jirani alishanipigia kelele dukani, "We Eliseo, binti yako anamwogopa mtoto, au mtoto ndiye anamwogopa yeye?" Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, dada.

Mtoto namwogesha mimi. Yadira anasema mikono yake itamwachia. Nilimjibu, "Acha kudeka, mama yako wiki ya tatu alikuwa anachuma kahawa." Kutwa nzima anamwekea kioo puani aone kama anapumua. Supu anampa mbwa. Amekonda, hata wewe usingemtambua.

Jana mchana akaniuliza kliniki walisema nini.

"Wamesema uko sawa, mwanangu."

Alikirudisha kioo puani kwa mtoto. Halafu akasema, "Kumbe mama wote wanajisikia hivi. Basi hakuna dawa, nimekwisha."

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye mvua. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Nisalimie shemeji Wilmar na wanao, na shangazi Blasina ukimpigia. Mungu awalinde ugenini, na wewe usiache kumwombea huyu mtoto.

Yadira nitamwambia kesho asubuhi, kabla sijanywa hata kahawa. Na Alhamisi hii, tarehe 20, siku ya kliniki, nitawashusha yeye na mtoto kwa gari la jeep. Itakuwa siku ya ishirini na saba tu, wanawake watasema nimemuua, waseme. Nitamwambia Nubia mbele ya foleni kwamba zile alama ni uongo wangu. Atapewa karatasi nyingine, ajaze kwa mkono wake, na mimi nitakaa nje ya mlango mpaka amalize.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea haya,
Eliseo